Uliza Sista: Kope zimelegea, nikakate ama niwache?

Barua za macho zimekuwa nyingi mwezi huu mpaka nimeamua ukurasa wote uwe wa kope. Na nikisema kope nasema ile ngozi inayofunika jicho, si zile nywele zake, ingawa kuna wawili wameuliza kuhusu kope bandia na nimewajibu huko chini. Nilifanya kazi thieta miaka 19, mingi upande wa macho, kwa hivyo haya ninayoandika ni yale nilikuwa nawaambia wagonjwa wakiwa wamekaa kwenye benchi la korido wanangoja kuitwa.

Sista hujambo. Mimi ni mama wa miaka 54, nafanya kazi ya uhasibu mjini na naishi Umoja. Ngozi ya juu ya macho imeniangukia mpaka inalalia nywele za kope. Jioni kichwa kinaniuma hapa mbele, na kazini kila siku naulizwa kama sikulala ama kama nimegombana na mzee. Nimeambiwa kuna operesheni ya kukata hiyo ngozi. Mzee wangu anasema hayo ni mambo ya masupastaa na nitarudi nyumbani na macho kama ya mtu ameona simba. Naogopa kisu lakini pia nimechoka. Nitarajie nini kuanzia siku ya kwanza mpaka nipone? Na bima italipa? Mama wa Umoja.

Sijambo mama, na pole kwa hayo maswali ya kila asubuhi, najua yanachosha kuliko hata hiyo ngozi yenyewe. Wacha nianze na mzee. Hii kitu si ya masupastaa na wala si ya juzi. Al-Zahrawi, daktari wa Andalusia aliyefariki mwaka 1013, tayari alikuwa anatibu kope zilizolegea, enzi hizo kwa chuma cha moto, na jina ambalo madaktari wanalitumia mpaka leo, blefaroplasti, lilitumiwa na Mjerumani Karl Ferdinand von Graefe mwaka 1818 alipokuwa anawatengenezea kope watu walioharibiwa na saratani. Lakini hofu yake ya macho ya mtu aliyeona simba ina msingi, na nitaifikia sai hivi.

Kwanza ijulikane ni nini hasa kimeanguka, na hapa ndipo naona watu wanapoteza pesa na machozi. Inaweza kuwa ngozi imezidi. Inaweza kuwa nyusi zenyewe ndizo zimeshuka na zinasukuma ngozi chini. Ama inaweza kuwa ule msuli wa kuinua kope umelegea. Kwa nje yote matatu yanafanana, kila mtu anasema tu "kope zimeanguka", lakini kila moja lina operesheni yake. Ukikatwa ngozi na kumbe shida ilikuwa msuli, utaamka na kope imelala vile vile, tofauti ni kwamba sasa ina kovu. Hebu simama mbele ya kioo, fumba macho, legeza paji la uso kabisa, weka vidole juu ya nyusi uzizuie zisipande, alafu fungua macho pole pole. Vile unavyojiona hapo ndivyo kope zako zilivyo kweli. Wengi hushtuka, kwa sababu kutwa nzima wanainua nyusi bila kujua ndio waone vizuri, na hiyo kazi ya paji la uso mara nyingi ndiyo inaleta kichwa cha jioni kama hicho chako. Alafu ujue pia kwamba ngozi ikishatolewa, paji la uso linapumzika na nyusi zinaweza kushuka kidogo. Daktari mzuri anakuambia hilo mapema, hangoji uligundue nyumbani.

Sasa hofu ya mzee. Jicho linahitaji ngozi ndio lifunge. Ngozi ya kope ni nyembamba kuliko ngozi nyingine yote mwilini na inaonekana kama iko tele, lakini ikikatwa kupita kiasi jicho haliwezi tena kufunga, linakauka usiku, linauma, na hapo ndipo unapata yale macho ya kushtuka. Kwa kawaida madaktari wanajaribu kuacha kama milimita 20 za ngozi kati ya chini ya nyusi na pale nywele za kope zinapoota. Ukienda kuonana naye, usiulize tu atakata kiasi gani, muulize atabakisha kiasi gani, na umtazame anavyojibu. Ngozi kidogo iliyobaki inaweza kupunguzwa siku nyingine, lakini ile iliyokatwa ikazidi, kuirudisha ni kazi nyingine kubwa ya kutoa ngozi mahali pengine na kuibandika hapo. Nimeona huzuni ya watu waliotaka wakatwe sana ndio pesa yao ionekane imefanya kazi. Tafadhali mama usiwe mmoja wao.

Siku ya kuonana na daktari usikubali dakika tano. Apime kuona kwa kila jicho peke yake, apime machozi (kuna kikaratasi kidogo kinawekwa kwenye ukingo wa kope ya chini kwa dakika 5), apime kope na nyusi, apige picha. Akuulize kuhusu presha, sukari, tezi ya shingo, glakoma (ugonjwa wa presha ya jicho), na kama macho yako hukauka, kwa sababu jicho kavu linaweza kuwa kavu zaidi baadaye. Umwambie kila dawa unayomeza bila kuficha. Aspirini, dawa za kuzuia damu kuganda, vidonge vya mafuta ya samaki, vidonge vya vitunguu saumu, hizo zote zinaweza kuongeza kutoka damu. Lakini usiache mwenyewe dawa uliyoandikiwa kwa sababu ya moyo ama kiharusi, hilo wazungumze madaktari wawili, huyu wa kope na yule aliyekuandikia. Na kama kuna sigara ama shisha, iache wiki kadhaa kabla na baada, kidonda hakiponi vizuri na moshi.

Siku yenyewe: fika bila mekapu, bila lenzi za macho, na uje na mtu wa kukurudisha nyumbani, si boda. Daktari atakuchora mistari ukiwa umekaa, na kuna sababu, ukilala ngozi inahama na mistari inakuwa ya uongo. Kope za juu mara nyingi hufanywa kwa ganzi ya hapo hapo tu, pengine na dawa ya kukutuliza. Ile sindano ya ganzi inawasha na kuuma, sitakudanganya, lakini ni dakika moja mbili hivi alafu basi. Baada ya hapo utahisi kuvutwa-vutwa bila maumivu, taa kali juu yako, sauti za watu wakiongea, na utasikia harufu ya kuungua kidogo wakati wanazima vimishipa vya damu kwa moto mdogo wa umeme. Hii harufu ndiyo huwashtua watu kuliko chochote, nilikuwa nawashika mkono na kuwaambia kabla haijatokea, na wewe nakuambia leo. Mkato unapitishwa kwenye ule mkunjo wako wa asili ndio kovu lijifiche ukifungua jicho. Ngozi inatolewa, wakati mwingine na mafuta kidogo upande wa pua, alafu unashonwa kwa uzi mwembamba sana. Kope zote mbili za juu ni kama saa moja. Watu huniuliza mbona hawakufungwa bendeji. Kwa kawaida macho hayafunikwi kwa sababu tunataka uwe unaona, na ukianza kutoona vizuri tujue haraka. Utaona ukungu kidogo, hiyo ni ile dawa ya kupaka iliyoingia kwenye jicho.

Nyumbani saa 48 za kwanza ni za barafu. Minji ya friza ndani ya mfuko, uizungushie kitambaa safi, dakika 10 mpaka 15 alafu unapumzika, alafu tena, ukiwa macho. Isiguse ngozi moja kwa moja, ukumbuke pale bado pana ganzi na huwezi kujua unajichoma na baridi. Lala chali na mito miwili ama mitatu. Maumivu kwa kawaida ni madogo na panadoli inatosha, wacha ibuprofeni na diklofenaki mpaka daktari akuruhusu. Siku ya pili na ya tatu uvimbe unakuwa mbaya zaidi badala ya kupungua na damu iliyovilia inateremka mpaka mashavuni, utajiangalia kwenye kioo na utalia. Hiyo ndiyo kawaida yake, kuanzia siku ya nne hivi inaanza kushuka.

Na hapa nataka kusema na nyumba nzima, si wewe peke yako. Kuinama na kubeba vitu vizito kunapeleka damu kichwani na kunaweza kufungua mshipa. Yaani wiki ya kwanza mpaka ya pili hakuna kupiga deki ukiwa umeinama, hakuna kufua na mikono, na maji yakipotea Umoja vile yanavyopoteaga, si wewe unapandisha mitungi ngazi. Mzee na watoto wabebe. Kama unaswali, muulize imamu wako mapema kuhusu kuswali ukiwa umekaa. Choo kigumu pia ni kusukuma, kwa hivyo matunda, sukuma wiki, maji. Kaa mbali na moshi wa jiko. Salonini pia usiende kuoshwa nywele ukiwa umeinamisha kichwa kwenye sinki.

Nyuzi hutolewa siku ya 5 mpaka ya 7, haiumi sana, inatekenya. Kazini wengi hurudi baada ya siku 7 mpaka 14, ukifanya kazi ya kompyuta macho yatakauka upesi kwa hivyo beba matone ya machozi bandia. Mekapu na lenzi subiri kama wiki 2, na maskara ununue mpya, ile ya zamani imejaa vijidudu. Usiku wa siku za kwanza jicho linaweza kubaki wazi kidogo kama uzi, ndio maana unapewa dawa ya kupaka ya usiku. Nywele za kope zitakuwa na ganzi kwa wiki kadhaa, utapaka wanja na usihisi chochote, ni kawaida. Mstari wa kovu utakuwa mgumu na mweusi kidogo mwanzoni na unaendelea kulainika kwa miezi 3 mpaka 6. Vaa miwani ya jua hata siku ya mawingu, Nairobi tuko juu karibu mita 1,800 na jua la hapa linachoma hata ukisikia baridi ya Julai, na kovu changa likipigwa na jua linakuwa jeusi. Wanaoogopa keloidi, yaani kovu linalovimba na kuendelea kukua, na najua tuko wengi, kwenye kope keloidi ni nadra sana, hata mtu aliye nayo sikioni mara nyingi kope yake inapona laini. Lakini mwambie daktari, kwa sababu mkato ukirefushwa kuelekea upande wa shavu ngozi ya huko ni nene na tabia yake ni tofauti.

Sasa lile la kutisha, usome mara mbili. Mara chache, kama mtu 1 kati ya 2,000, damu huvuja nyuma ya jicho na kulibana. Mara nyingi ni ndani ya saa 24 za kwanza. Dalili ni maumivu makali yanayozidi, hasa jicho moja, jicho linasukumwa nje na kuwa gumu, kuona kunafifia ama unaona vitu viwili. Hapo usinywe panadoli ukalale, usingoje asubuhi, hata kama ni saa nane usiku unaenda emajensi ukimpigia daktari njiani, kwa sababu mshipa wa kuona ukibanwa ni mambo ya dakika na saa, si siku. Wakikufungulia nyuzi mapema damu inatoka na jicho linaokolewa. Ndio maana kabla hujalipa chochote uliza, usiku nani atashika simu? Kama jibu ni la kubabaisha, tafuta kwingine.

Bima. Urembo kwa kawaida haulipiwi. Lakini kama ngozi inakuzibia kuona, inaweza kuhesabiwa matibabu, na hapo unahitaji kipimo cha upana wa kuona, unafanyiwa mara mbili, kope ikiwa imelala na ikiwa imeinuliwa kwa plasta, tofauti ionekane kwenye karatasi. Peleka hiyo pamoja na picha na barua ya daktari, na upate idhini kwa maandishi kabla ya operesheni. Ukilipa mwenyewe, bei iandikwe ikiwa na kila kitu: daktari, thieta, ganzi, dawa, kutolewa nyuzi, na ikitokea shida nani anagharamia. Na mwambie mzee, ngozi ya juu ikifanywa vizuri hukaa miaka mingi, lakini uzee hausimami, utaendelea kuzeeka naye.

Hi Sista, niko na miaka 23, nasoma chuo na naishi Rongai. Niko na weusi mbaya chini ya macho na mifuko, kwa picha nakaa mgonjwa. Kuna mahali nimeona TikTok wanatoa mifuko siku moja unarudi nyumbani na ofa inaisha wiki hii. Niende? Pia wanasema wanaweza kujaza kwa sindano badala ya kukata. Msichana wa Rongai.

Mwanangu, ofa ya kukatwa karibu na jicho inayoisha Ijumaa, hiyo peke yake inatosha uikatae. Pesa yako kaa nayo kwanza.

Weusi na mifuko ni vitu viwili. Weusi ni rangi ya ngozi, na operesheni ya kope haitoi rangi. Kwa watu weusi kama sisi mara nyingi ni ya familia, mwangalie mama yako na shangazi zako, na mara nyingine ni mzio. Vumbi la Rongai nalijua, macho yanawasha, unasugua, unasugua, na ngozi inayosuguliwa kila siku inazidi kuwa nyeusi. Kama macho yanakuwasha na pua inatiririka, tibu mzio kwanza na uache kusugua, weka kitambaa baridi. Na usipake zile krimu za kung'arisha za mtaani karibu na jicho, nyingine zina steroidi na zinaweza kupandisha presha ya jicho bila wewe kuhisi.

Mifuko yenyewe ni mafuta yanayokaa chini ya jicho na yamesukumwa mbele. Hayo yanaweza kutolewa ama kupangwa upya, na kwa kijana mwenye ngozi iliyokaza kama wewe daktari anaweza kupitia ndani ya kope, kovu lisionekane nje kabisa. Lakini kope ya chini ni ngumu kuliko ya juu. Ikivutwa na kovu inashuka, weupe wa jicho unaonekana chini, machozi yanatiririka ukiwa kwenye matatu na upepo. Na mafuta yakitolewa kupita kiasi unabaki na shimo, ukifika 40 unaonekana mzee kuliko mama yako. Kwa miaka 23 sioni haraka ya nini.

Hiyo sindano ya kujaza ndiyo inaninyima usingizi. Ikiingia kwenye mshipa wa damu karibu na jicho inaweza kupofusha, papo hapo, na mara nyingi haiponi. Si kitu cha kufanyiwa na mtu wa kucha na nywele. Ukitaka kujua kama mtu ni daktari kweli, baraza linalosajili madaktari Kenya, KMPDC, lina orodha kwenye tovuti yake, unaandika jina na unaona, leseni inafanywa upya kila mwaka kwa hivyo angalia ni ya mwaka huu. Angalia pia kama hapo mahali pana leseni, si mtu tu. Na kuwa daktari hakutoshi, awe amesomea upasuaji wa plastiki ama awe daktari wa macho aliyebobea kwenye kope. Muulize amefanya ngapi, aliyefanya nyingi hataudhika.

Alafu mwanangu, unaandika kwamba kwa picha unakaa mgonjwa. Kamera ya simu ukiishika karibu na uso inabadilisha sura, na taa ya juu inamtia kila mtu vivuli chini ya macho. Muulize rafiki akupige kutoka mbali kidogo, mchana, karibu na dirisha, ndio uone vile watu wanakuona. Nimekutana na wasichana wazuri sana wakilia korido kwa sababu ya picha za simu.

Sista salamu. Nilifanyiwa kope za juu siku 6 zilizopita. Jicho la kulia limevimba kuliko la kushoto, mkunjo mmoja uko juu, na nimekuwa nalia kila jioni nikifikiria nimejiharibu. Sijamwambia mtu kwa sababu walinikataza nikaenda. Nimejiharibu kweli? Asiyetaka jina, Lang'ata.

Dada, siku ya 6 hakuna mtu anaweza kukuambia umeharibika, hata daktari wako. Macho mawili hayaponi kwa mwendo mmoja, karibu kila mtu upande mmoja unachelewa, na mara nyingi ni ule unaolalia. Mkunjo ulio na uvimbe unaonekana juu kuliko ulivyo. Angalia picha zako za zamani pia, utakuta macho yako hayakuwahi kulingana, tofauti ni kwamba hukuwa unayapima kila asubuhi na rula. Tofauti ya kweli inahukumiwa baada ya miezi, na ikibaki inaweza kurekebishwa kidogo.

Ila kama hilo la kulia linazidi kuvimba badala ya kupungua, lina joto, jekundu, linatoa usaha ama una homa, nenda leo, hiyo inaweza kuwa maambukizi. Na kama kuona kumepungua nenda sasa hivi, funga gazeti.

Kuhusu kulia, nilikuwa naiona kila wiki. Mtu yuko ndani siku sita, hajalala vizuri, sura kwenye kioo si yake, na juu ya hayo una siri. Mwambie mmoja tu kati ya hao waliokukataza, yule mpole. Hata kama atakuambia "nilikuambia", bado atakuletea chai.

Wale wawili wa kope bandia, mmoja wa Pipeline na mwingine wa Juja, swali lenu ni moja: lini baada ya operesheni. Si kabla ya wiki 6, na daktari awe amekubali, kwa sababu gundi inawasha na ule uzito unavuta mahali bado panapona. Kabla ya operesheni zitolewe zote, zitolewe na aliyeziweka, usizing'oe na vidole.

Sista, mimi ni dereva wa matatu, miaka 41, Githurai. Tangu mwezi uliopita kope ya jicho la kushoto inaanguka. Asubuhi iko sawa, jioni imefunga nusu, na siku nyingine naona magari mawili mahali ni moja. Kinyozi wangu anajua mtu anakata hiyo ngozi bei ya chini. Nimeona niulize kwanza. Dere.

Kaka, ahsante sana kwa kuuliza kwanza.

Hii yako si ngozi. Ngozi haiwi sawa asubuhi na kuanguka jioni, na haianzi jicho moja ndani ya mwezi. Kope inayochoka kadiri siku inavyosonga, pamoja na kuona viwili, inaweza kuwa ugonjwa ambao mishipa ya fahamu na misuli hazielewani, unaitwa mayasthenia, na huo unatibiwa kwa dawa, si kisu. Unaweza kupanda mpaka kwenye kumeza na kupumua, kwa hivyo ukianza kupaliwa na chakula, sauti ikawa ya puani, ama pumzi ikawa fupi, ni emajensi. Na kuna jingine, kope kuanguka ghafla na kichwa kuuma vibaya, ama mboni ya jicho hilo ikawa kubwa kuliko ya pili, hiyo inaweza kuwa mshipa wa damu umevimba ndani ya kichwa na haingoji hata saa moja.

Usiendeshe gari ukiona viwili. Najua gari ni la mtu na kila jioni anataka hesabu yake, najua siku moja bila kazi ni nini nyumbani kwako, lakini una watu 14 nyuma yako na hujui gari gani kati ya hayo mawili ndilo la kweli. Nenda kliniki ya macho, hospitali ya Kenyatta ama ya Kikuyu, ujieleze hivi hivi ulivyoandika: jicho moja, mwezi mmoja, jioni inazidi, naona viwili. Yataje hayo manne pale mwanzoni, ukisema tu "kope imeanguka" utawekwa nyuma ya foleni. Piga picha ya uso asubuhi na nyingine jioni, uende nazo kwenye simu.

Barua yako ilikuwa na namba na sikutaka kungoja gazeti litoke, kwa hivyo nilipiga Jumanne. Alishika mkeo. Alisema gari limebaki stejini na utingo, na nyinyi wawili mko kwenye foleni ya macho tangu saa kumi na mbili asubuhi, mnangoja namba 37 iitwe.